Bastola Nyumbani: Mambo ya Kisheria kwa Wakaaji wa Kilwa na Lubumbashi

Bastola inayowekwa nyumbani kwa ajili ya kujilinda huulizwa mara mbili mbele ya sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Swali la kwanza linahusu kuwepo kwake: ni silaha ya aina gani, na nani ameruhusiwa kuwa nayo. La pili linahusu kutumika kwake: risasi ilipigwa kwa sababu gani, na kama kulikuwa na njia nyingine. Maswali haya hayafutani. Aliyempiga jambazi kwa haki kabisa, lakini kwa silaha isiyo na kibali, anaweza kusamehewa risasi na kufungwa kwa ajili ya silaha. Wakaaji wa Kilwa, Pweto, Kasenga na Lubumbashi wanaouliza kuhusu bastola huanza na swali la pili. Polisi huanza na la kwanza.

Sheria zinazohusika

- Ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inayosimamia silaha na risasi, pamoja na ordonansi 85-212 ya siku hiyohiyo inayoeleza utekelezaji wake. Zilitungwa enzi za Mobutu, nchi ikiitwa Zaire, na ndizo zinazotajwa hadi leo kwenye mafaili.
- Kanuni ya adhabu ya tarehe 30 Januari 1940, kwa kuua, kujeruhi na uzembe.
- Sheria mbili za tarehe 18 Novemba 2002, nambari 023 na 024, za mahakama za kijeshi na adhabu za kijeshi. Raia asiyewahi kuvaa sare anaweza kudhani hazimhusu. Akishikwa na silaha ya vita, zinamhusu.
- Katiba ya 2006, hasa vifungu vya 18, 19 na 29, kuhusu kukamatwa, haki ya wakili na heshima ya makazi.

Aina ya silaha ndiyo inayoamua mahakama

Kabla ya kuuliza kibali, mwenye nyumba aulize jina la silaha. Bastola ya kiraia na bunduki ya kuwindia zinaweza kuombewa kibali. AK, bomu la mkono, na bastola iliyotoka kwenye ghala la jeshi au la polisi ni silaha za vita. Hakuna karatasi yoyote inayomhalalishia raia kuziweka chini ya kitanda, hata kama nia yake ni kulinda watoto wake.

Tofauti hiyo huamua pia faili linakwenda wapi. Kesi ya silaha ya vita hupelekwa kwa oditora wa kijeshi, yaani mwendesha mashtaka wa jeshi. Kifungu cha 156 cha Katiba kinasema kwamba mahakama za kijeshi zinahukumu makosa ya wanajeshi na polisi, na mawakili hukitaja kila mara wanapowatetea raia. Hata hivyo raia wanaendelea kuhukumiwa huko kwa kosa la kuwa na silaha za vita. Anayeshikwa na AK asijenge utetezi wake wote juu ya kifungu hicho kimoja.

Gobore lililotengenezwa na mhunzi wa kijijini nalo ni silaha ya moto. Kutokuwa na namba ya kiwanda hakuliondoi kwenye sheria. Kunalifanya tu liwe gumu zaidi kuandikishwa.

Kibali: hatua kwa hatua

Kibali cha silaha hakitolewi na chefu wa mtaa, wala na kamanda wa polisi wa Kilwa, wala na kanali ambaye ni rafiki wa familia. Karatasi yenye muhuri wa mmoja wao, hata ikiandikwa kwa Kifaransa kizuri, haiwi kibali.

1. Kuanza na ofisi ya mkoa ya Wizara ya Mambo ya Ndani mjini Lubumbashi. Kutoka Kilwa ni safari ya kilomita 350 hivi, na hapa ndipo wengi wanapomtuma mtu wa kati. Ni afadhali mwombaji aende mwenyewe, aulize kwa maandishi ni mamlaka gani inayotia sahihi kwa aina ya silaha anayoitaka.
2. Kuomba kwanza, kununua baadaye. Anayenunua kisha akaomba anaandika kwa mkono wake kwamba tayari ana silaha bila ruhusa.
3. Kueleza sababu kwa matukio. Barua inayosema tu "kwa usalama wangu" ni nyepesi. Mfanyabiashara wa samaki aliyevamiwa aambatishe nakala ya malalamiko aliyoyapeleka polisi, na karatasi za biashara yake.
4. Kulipa kwa njia ya serikali tu. Malipo yanayosimamiwa na DGRAD, idara ya serikali inayokusanya mapato yasiyo ya kodi, yana noti yake, na risiti ya benki huambatanishwa. Pesa iliyotolewa mkononi haina ushahidi.
5. Kulinganisha namba siku ya kupokea karatasi, kabla ya kutoka ofisini.

Hatua hii ya mwisho hudharauliwa sana. Namba ya silaha imechongwa kwenye chuma, mara nyingi ubavuni mwa fremu na tena juu ya mtutu. Askari kwenye bariera huigeuza bastola, hufuta mafuta kwa kidole gumba, husoma tarakimu moja moja huku mwenzake ameshika karatasi chini ya tochi. Karatasi ikisema 8 pale ambapo chuma kinasema 3, kwake yeye hiyo ni bastola nyingine, na aliyeibeba hana kibali. Kosa la karani linaweza kurekebishwa Lubumbashi kwa barua moja. Kwenye bariera usiku halirekebishwi.

Kibali kina mipaka yake. Ni cha mtu mmoja na silaha moja, na tarehe iliyoandikwa juu yake inaheshimiwa. Ruhusa ya kuiweka nyumbani isichukuliwe kuwa ruhusa ya kutembea nayo sokoni, baa au kanisani. Yaliyoandikwa kwenye karatasi ndiyo yanayohesabika.

Makosa yanayorudiwa

*Bunduki ya marehemu baba.* Familia nyingi za Katanga zina bunduki ya kuwindia iliyobaki baada ya mzee kufariki, pengine pamoja na kibali chake cha zamani kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nyumba hurithiwa, kibali hakirithiwi. Tangu siku ya kifo, anayekaa na bunduki hiyo ni mtu mwingine asiye na karatasi. Warithi waitangaze mapema kwa maandishi, wakiwa na cheti cha kifo, kisha mmoja wao aombe kibali kwa jina lake au waikabidhi.

*Silaha ya shemeji askari.* Mwanajeshi au polisi anakwenda likizo na kuacha silaha yake kwa mume wa dada yake. Kwa jeshi, askari ameitelekeza silaha ya kazi. Kwa sheria, mume huyo ana silaha ya vita. Kusema "si yangu, ni ya shemeji" hakumsafishi, kunaongeza tu mshtakiwa wa pili.

*Kuazimisha.* Kanuni ya adhabu inamhesabu kuwa mshiriki yule aliyetoa silaha akijua itatumika katika kosa. Wizi wa kutumia silaha, chini ya kifungu cha 81 bis, unabeba adhabu ya kifo, na tarehe 13 Machi 2024 Wizara ya Sheria ilitoa waraka wa kuondoa usitishaji wa kutekeleza adhabu hiyo. Anayemkopesha jirani bastola "kwa usiku mmoja" afikirie hilo.

*Kibali cha kuwinda.* Sheria ya uwindaji nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inahusu wanyama na misimu. Haichukui nafasi ya kibali cha silaha, na cha silaha hakimruhusu mtu kuwinda. Kuingia na bunduki katika Hifadhi ya Kundelungu au ya Upemba ni kosa jingine peke yake, hata kama mtu alikuwa anapita tu.

*Kuvuka ziwa.* Kati ya Kilwa na Nchelenge, Zambia, watu huvuka Mweru kwa mitumbwi na boti kama wanaokwenda sokoni. Bastola ikivuka pamoja nao, imeingizwa nchini au kutolewa nje. Leseni ya Zambia haifanyi kazi Kilwa, na kibali cha Kongo hakifanyi kazi Nchelenge. Hata Kisiwa cha Kilwa, kinachoonekana kwa macho kutoka ufukweni, ni ardhi ya Zambia.

Kujihami: sheria isiyoandikwa

Mtanzania anayefungua kanuni yake ya adhabu atakuta haki ya kujitetea imeandikwa katika kifungu cha 18. Mkongomani akifungua kanuni ya 1940 hatakuta kifungu cha jumla kama hicho. Haki ya kujihami ipo, lakini inasimama juu ya kanuni za jumla za sheria, maamuzi ya mahakama na maandishi ya wataalamu kama Nyabirungu mwene Songa na Likulia Bolongo. Maana yake kwa mshtakiwa ni nzito: hana mstari wa kumwonyesha OPJ (afisa wa polisi ya mahakama) kwa kidole. Lazima matukio yenyewe yaonyeshe masharti haya:

- Shambulio liwe linatokea au liko karibu kabisa. Aliyetishia jana, au anayeogopwa kwamba atarudi kesho, hashambulii sasa.
- Liwe bila haki. Polisi wanaotekeleza amri halali ya hakimu si washambuliaji.
- Liwe juu ya mtu, mwenyewe au mwingine. Kulinda mali peke yake ni msingi dhaifu mno kwa risasi. Betri ya sola, pikipiki au mafungu ya samaki wakavu havimruhusu mtu kuua.
- Pasiwe na njia nyingine wakati ule.
- Nguvu ilingane na hatari. Panga lililoinuliwa mlangoni mwa chumba cha watoto ni jambo moja. Kijana anayeruka ukuta na kuku mkononi ni jambo jingine.

Sharti la kwanza ndilo linalowaangusha wengi. Jambazi anapogeuka na kukimbia, shambulio limekwisha. Risasi ya mgongoni hueleza habari hiyo vizuri kuliko shahidi yeyote, na daktari ataiandika. Kutoka hapo, kilichoitwa kujihami huwa kuua kwa kukusudia, au kupiga kulikosababisha kifo, ambako kifungu cha 48 kinakuadhibu kwa miaka 5 hadi 20.

Mtego wa risasi uliofungwa kwenye mlango wa duka hauwezi kupimwa kwa masharti haya hata kidogo. Hauchagui kati ya mwizi na mtoto wa jirani.

"Majambazi wana AK na polisi hawaji"

Pingamizi hili ni la kweli, na makala yoyote inayolidharau haijawahi kulala Ruashi au Katuba, mjini Lubumbashi, umeme wa SNEL ukiwa umekatika. Majambazi wa usiku huja wengi, mara nyingine na sare. Lakini hoja hiyo inajibu swali la kwa nini mtu anataka silaha. Haijibu silaha ipi, wala kwa karatasi ipi. Hakimu anaweza kuielewa hofu ya mshtakiwa na bado akamtia hatiani kwa silaha isiyoandikishwa.

Iko pia hesabu ya wazi isiyohitaji sheria. Bastola moja mbele ya watu watano wenye AK hugeuza wizi kuwa mapigano ndani ya nyumba yenye watoto. Na baada ya hapo bastola yenyewe ndiyo kitu cha kwanza kuibwa. Mwenye kibali aliyeibiwa anapaswa kutangaza wizi huo mara moja na kubaki na nakala ya tangazo, la sivyo kila kosa litakalofanywa kwa namba ile litamtafuta yeye.

Kilwa ina sababu yake ya kuogopa

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Siku iliyofuata Brigedi ya 62 ya jeshi iliurudisha mji. Uchunguzi wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ulitaja zaidi ya watu 70 waliokufa, wakiwemo waliouawa wakiwa wameshikwa, na makaburi ya pamoja yako Nsensele, nje kidogo ya Kilwa. Nyumba zilipekuliwa moja moja na kuporwa. Mwezi Juni 2007 mahakama ya kijeshi mjini Lubumbashi iliwaachia washtakiwa kwa mauaji hayo, na ni uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, wa 2016, ulioitaka serikali iwalipe waathirika wanane dola milioni 2.5.

Kwa mada hii, lililo muhimu ni hili: wakati wa operesheni ya kijeshi, bunduki ndani ya nyumba humfanya mwenye nyumba adhaniwe mwasi kabla hajaulizwa karatasi. Kwa hiyo mwenye kibali huko Kilwa na Pweto aweke nakala mahali pengine, kwa wakili Lubumbashi au kwa ndugu, na mapigano yakikaribia asitembee na silaha hata hatua moja nje ya lango.

Wakati wa amani makazi yanalindwa na kifungu cha 29 cha Katiba. Upekuzi hufanywa kwa utaratibu wa sheria, na kwa kawaida hauanzi kabla ya saa 11 alfajiri wala baada ya saa 3 usiku bila idhini ya hakimu. Mwenye nyumba anayo haki ya kuomba kuona mandati (hati ya upekuzi) na kitambulisho. Kuomba hivyo akiwa na bastola mkononi ni kujitafutia kifo.

Usiku wa tukio

Kabla ya risasi:

- Kupiga kelele, filimbi na sufuria. Majirani wanaoamka ni msaada wa usiku ule na mashahidi wa kesho.
- Kuwasha tochi na kusema kwa sauti. Aliyeko nje ya mlango anaweza kuwa kijana wa nyumbani aliyechelewa.
- Kufikiri risasi inakwenda wapi. Mlango wa mbao na bati havizuii risasi, na katika parseli moja ya Lubumbashi familia tatu hulala zikitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Anayempata jirani kwa bahati mbaya hujibu kwa kuua bila kukusudia, miezi 3 hadi miaka 2 chini ya kifungu cha 53, na fidia juu yake.

Baada ya risasi:

- Kuweka silaha chini, mahali pasipofikiwa na umati.
- Kumpeleka majeruhi hospitali, hata kama ni jambazi. Kanuni ya adhabu inamwadhibu anayemwacha mtu hatarini bila msaada. Umati ukitaka kummalizia kwa mawe au tairi, mwenye nyumba anayeunyamazia amepoteza utetezi wake wote.
- Kutoa taarifa polisi mwenyewe, mapema. Aliyekimbilia Zambia kwa mtumbwi atapata taabu kueleza kwa nini mtu mwenye haki alikimbia.
- Kutogusa kitu. Kuhamisha maiti kutoka uani hadi sebuleni, ili ionekane aliingia ndani, ni ushauri unaotolewa na majirani wenye nia njema, na unaangamiza kesi iliyokuwa safi. Damu haihami pamoja na maiti.

Mbele ya OPJ

Tukio la namna hii linaweza kupelekwa kwa utaratibu wa haraka wa makosa ya papo kwa papo, chini ya ordonansi-sheria 78-001 ya tarehe 24 Februari 1978. Siku moja au mbili za kwanza ndizo zinazoamua mengi.

Kifungu cha 18 cha Katiba kinaweka ukomo wa saa 48 za kushikiliwa na polisi, baada ya hapo mtu aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya mahakama. Kifungu cha 19 kinampa wakili tangu uchunguzi wa polisi, si baadaye. Haki hiyo isipodaiwa haitolewi. Aliyeshikwa aseme wazi, na aombe iandikwe kwenye PV (maandishi rasmi ya mahojiano), kwamba anataka wakili kabla ya kueleza tukio.

PV huandikwa kwa Kifaransa. Aliyejieleza kwa Kiswahili au Kibemba asitie sahihi mpaka isomwe yote kwa lugha anayoielewa. Neno moja likibadilika, "nilipiga kumzuia" likawa "nilipiga kumuua", mtu wa maneno hayo ya pili ndiye atakayehukumiwa. Kukataa kutia sahihi huandikwa nako, na si kosa.

Watoto na mahali pa kuiweka

Kanuni ya raia, katika vifungu vya 258 hadi 260, inamtaka anayesababisha hasara kuilipa, na inamwajibisha mzazi kwa mtoto wake na mtu kwa kitu kilicho chini ya ulinzi wake. Bastola iliyochezewa na mtoto inagusa yote mawili. Chini ya mto, juu ya kabati na ndani ya sanduku la nguo si mahali pa kuificha. Watoto wa nyumba huvijua vyote. Inatakiwa sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani, ufunguo ukae mwilini mwa mwenye kibali, na risasi zifungiwe kando.

Hapo hutokea swali la haki: ikifungiwa hivyo, itafaa nini saa nane usiku? Itachelewa, ndiyo. Mlango wa chuma, komeo la ndani, mbwa, taa ya sola na kikundi cha majirani chenye filimbi hufanya kazi wakati huo wa kuchelewa, na hakuna kati ya hivyo kinachohitaji kibali. Kampuni za ulinzi nazo hazimalizi swali la silaha: walinzi wao nchini Kongo hawaruhusiwi bunduki, ndiyo maana wenye uwezo huomba polisi wenye silaha kupitia uongozi wa polisi.

Kuachana na silaha

Aliye na silaha isiyo na karatasi ana njia bora kuliko kuitupa ziwani au kumuuzia mtu. Katanga iliwahi kuona silaha zikibadilishwa kwa baiskeli, katika mpango wa PAREC ulioongozwa na Mchungaji Ngoy Mulunda baada ya vita. Leo masuala ya silaha ndogo yako mikononi mwa tume ya taifa, CNC-ALPC, na wapiganaji wa zamani hushughulikiwa na mpango wa P-DDRCS.

Kuipeleka moja kwa moja mkononi, kwa pikipiki na ndani ya mfuko, kunaweza kuishia kwenye bariera ya kwanza. Wakili, paroko au mchungaji aandike kwanza kwa mamlaka kwamba fulani anataka kukabidhi silaha ya aina fulani iliyoko mahali fulani. Silaha ichukuliwe bila risasi ndani, mbele ya shahidi. Anayeipokea atoe hati yenye jina lake, cheo, tarehe na namba iliyochongwa kwenye chuma, na nakala ya hati hiyo ibaki kwa familia.